Mhusika Mmoja, Mikono Mingi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu anayevimba kichwa kwa sifa. Lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo kwa kawaida hatulitazami. Wapo wanywaji waliolionja tembo hilo, wakatambua kwamba limetiwa maji, wakasema. Kama wanywaji wote wangenyamaza, mgema angeendelea kutia maji mpaka kibuyu kikabaki na maji matupu, wala methali yenyewe isingepata kutungwa.

Katika insha hii twataka kuzungumza juu ya wanywaji wa namna hiyo katika sanaa, yaani wasomaji wa hadithi za picha, ambazo wengi wetu huziita katuni. Wako watu wenye elimu wanaozidharau hadithi hizi, wakidhani kwamba ni mchezo wa watoto na upotevu wa muda. Sisi hatukubaliani nao. Tulijifunza uhakiki wa fasihi kwanza barazani, kwa kubishania katuni, na darasani tulikuja kupewa tu majina ya mambo ambayo tayari tulikuwa tumekwisha kuyagombania. Kadhalika, tulipokuja kupewa dhamana ya kuhukumu kazi za wengine, tulitenda kosa ambalo tusingelitenda kama tungeyakumbuka mafunzo ya baraza lile.

Baraza lenyewe lilikuwa Buhemba, ambayo siku hizo ilihesabiwa katika Wilaya ya Musoma na sasa imo katika Wilaya ya Butiama. Dhahabu ya Buhemba ilikuwa imewavuta watu wa kila namna tangu enzi ya ukoloni. Wazanaki wenyeji waliishi jirani na Wakurya, Waikizu, Wajita, Wajaluo na Wasukuma, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili. Ukitaka kumcheka jirani yako, au kumtania, au kubishana naye, hukuwa na budi kufanya hivyo kwa Kiswahili. Ndiyo maana jarida la katuni la Kiswahili lilipofika pale, lilipata wasomaji ambao hawakuwa wa kabila moja wala wa umri mmoja.

Jarida hilo lilikuwa Sani. Lilianzishwa Dar es Salaam na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake likaundwa kwa silabi za mwanzo za majina yao wawili. Katika miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu na hata daftari la shule kuwa jambo la kuombewa, nakala moja ya Sani ilikuwa mali. Alikuwako fundi cherehani mmoja ambaye kila alipokwenda Musoma kununua nyuzi na vifungo alirudi na nakala moja. Aliihifadhi katika mtoto wa meza ya cherehani yake, na aliiweka chini ya sheria: anayetaka kuishika anawe mikono, mmoja asome kwa sauti, na wengine watazame kwa zamu. Nakala moja ilisomwa mpaka kingo zake zikalegea kama kitambaa. Ndipo kurasa zake zilipokwenda kufungia karanga, na hata hapo mnunuzi wa karanga alisoma kwanza kabla ya kutafuna.

Wahusika tuliowapenda walikuwa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Majina mengine yalikuwa maelezo kamili. Ndumilakuwili ni nyoka anayesemwa kuwa huuma kwa ncha zote mbili, na kwa hiyo ni mtu wa kauli mbili. Lodi Lofa alibeba ukubwa na ukosefu wa kazi ndani ya jina moja. Madenge alikuwa mtoto mtundu, na hapakuwa na nyumba Buhemba isiyokuwa na Madenge wake. Aliyewachora wahusika hao wakatushika moyo alikuwa kijana aitwaye Philip Ndunguru. Sisi tulinakili michoro yake nyuma ya daftari la Hisabati, tukachapwa kwa sababu hiyo, na kesho yake tukanakili tena. Tulikuwa tumekwisha kuazimia kwamba tukikua tutakuwa Ndunguru.

Mwaka 1986 Ndunguru alifariki dunia, akiwa bado kijana. Sisi tulikuwa na umri wa miaka 15. Habari ilitufikia kwa kuchelewa, kama zilivyochelewa habari nyingi siku hizo, na ilipofika tuliona kwamba baadhi ya watu tuliowafahamu wamekufa pamoja naye. Lakini wahusika wale hawakufa. Wachoraji wengine waliwachukua, na hadithi zikaendelea. Hapo ndipo baraza la fundi cherehani lilipogawanyika.

Upande wa kwanza tuuite upande wa sura. Kiongozi wake alikuwa fundi mwenyewe, nasi tulikuwa wafuasi wake wakali. Hoja yake ilitokana na kazi yake. Alisema, “Wapeni mafundi wawili kitambaa kimoja na kipimo kimoja, nami nitawaambia kila shati limekatwa na nani. Mkono haufichiki. Hii pua si ile, na huu mwendo si ule.” Alikuwa na nakala za zamani, akazilaza juu ya meza kando ya zile mpya, na kwa ncha ya mkasi akatuonyesha penye tofauti: unene wa mstari, mkunjo wa suruali, nafasi iliyoachwa wazi nyuma ya mtu ili macho yapumzike. Mpaka leo hatujamwona mwalimu wa sanaa aliyetufundisha kutazama kuliko fundi yule.

Upande wa pili tuuite upande wa tabia. Huo uliongozwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole aliyesema kwa nadra. Yeye aliuliza, “Fundi, je, Ndumilakuwili amekuwa mkweli? Madenge ametulia? Lofa ameajiriwa? Kama mtu anasema vilevile, anatamani yaleyale na anaanguka katika mashimo yaleyale, kwa nini mnamkatalia jina lake kwa sababu ya pua? Wewe mwenyewe ulikuwa na nywele nilipokuja hapa, sasa una upara, na bado nakuita Fundi.” Watu wakacheka, lakini fundi hakushindwa. Akajibu, “Mwalimu, mimi nimezeeka polepole mbele ya macho yenu. Huyu amebadilika kwa usiku mmoja.”

Mabishano hayo yaliendelea kwa miezi. Sisi tulisimama na fundi kwa sababu ya uchungu. Tulisema kwamba jarida lingefanya heshima kumzika Ndumilakuwili pamoja na mchoraji wake. Maneno hayo tuliyarudia nyumbani, na aliyetujibu alikuwa bibi yetu, ambaye hakujua kusoma na hakuwahi kuishika Sani mkononi. Aliuliza, “Aliyemwumba Fisi wa hadithi zetu ni nani, na kaburi lake liko wapi?” Hatukuwa na jibu. Akasema kwamba yeye alimpokea Fisi kutoka kwa mama yake, naye mama yake alimpokea kutoka kwa wengine, na kila mmoja alimpa Fisi sauti yake mwenyewe, lakini Fisi alibaki Fisi.

Siku chache baadaye tuliiona sheria yake ikitenda kazi. Binamu yetu alikuwa akisimulia hadithi usiku, na kwa kuwa usingizi ulikuwa umemjia, alitaka kuimaliza upesi. Akamfanya Fisi aupite mfupa njiani bila kuugusa. Bibi akamkatiza: “Mjukuu wangu, huyo umemwokota wapi? Kama Fisi wako ameshiba, tuambie alikula wapi.” Binamu akarudi nyuma, akatafuta mahali pa kumlisha Fisi, na hadithi ikawa ndefu na tamu kuliko alivyokusudia.

Tunaomba msomaji ayashike maneno hayo. Bibi hakusema kwamba Fisi hawezi kushiba. Alisema kwamba akishiba, msikilizaji ana haki ya kuambiwa alikula wapi.

Mabishano ya namna ile hayakuwa ya Buhemba peke yake. Kabla ya Sani, kaka zetu walisoma jarida la African Film, lililochapishwa na kampuni ya Drum na kuenea Afrika Magharibi na Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Shujaa wake alikuwa mpelelezi Lance Spearman, mwenye kofia, ngumi nzito na majibu mepesi. Hadithi zake hazikuchorwa. Zilipigwa picha kwa kamera, na aliyeigiza sura ya Spearman alikuwa mtu mmoja, Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Kwa hiyo sura ya Spearman haikubishaniwa, kwa kuwa kamera ilimrudisha mtu yuleyule kila toleo. Katuni haina bahati hiyo. Katika katuni mhusika huzaliwa upya katika kila kisanduku, na kila kuzaliwa ni nafasi ya kukosea.

Huko Marekani, ambako mashujaa wenye nguvu za ajabu wamekuwa kiwanda kikubwa, suala hili limesumbua wasomaji kwa vizazi. Superman alitokea mwaka 1938 kwa mikono ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao waliuza haki zao kwa dola 130 tu. Mwanzoni Superman hakuruka kama ndege, bali alichupa juu ya majumba. Uwezo wa kuruka aliupata baadaye, kazi ilipokuwa imekwisha kupitia mikono mingine. Spider-Man alianza mwaka 1962, akiandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Ditko alimchora kama mwanafunzi mwembamba, mwenye wasiwasi, asiyependwa na wenzake. Mwaka 1966 Ditko aliacha kazi hiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na John Romita, aliyekuwa amezoea kuchora hadithi za mapenzi. Mara yule mwanafunzi akawa mtanashati, mabega yakapanuka, na wasichana waliomzunguka wakazidi uzuri. Wako waliofurahi na wako waliolalamika. Kama fundi wetu angeishi New York, tunajua angesimama upande gani.

Ubelgiji ilichagua njia nyingine. Hergé, aliyemchora Tintin, hakutaka mhusika wake aendelezwe na mtu mwingine. Alipofariki mwaka 1983, Tintin alisimama hapohapo, na kazi ya mwisho ikaachwa bila kukamilishwa. Huo ndio mwisho ambao sisi, kwa uchungu wa miaka 15, tulimtakia Ndumilakuwili. Leo tunaziheshimu njia zote mbili, lakini tunaona kwamba njia ya kuendeleza iko karibu zaidi na utamaduni wetu. Sungura hana mwenyewe. Abunuwasi alivuka bahari, akabadilishwa mavazi, akapewa majirani wapya, na bado ukimkuta pwani au bara unamtambua kabla hajatajwa jina, kwa namna anavyolijibu swali la mkubwa.

Nasi watu wa Mara tuna mfano ulio karibu zaidi. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar na kuitoa mwaka 1963. Kisha akairudia kazi yake mwenyewe, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi. Brutus akisema Kiswahili ni mkono wa pili uliomchora mtu yuleyule. Na neno “mabepari”, lililowekwa mahali ambapo Mwingereza aliandika mfanyabiashara tu, ni mstari mzito wa kalamu ambao mchoraji wa kwanza hakuuchora. Mwalimu aliubadilisha uso wa jina la kitabu kwa kukusudia, kwa kuwa alikuwa akizungumza na taifa lililokuwa limekwisha kuchagua Ujamaa. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini huwezi kusema kwamba alifanya hivyo kwa uzembe au kwa usingizi.

Sasa tueleze kosa letu. Hatukuwa Ndunguru. Tulimaliza shule ya sekondari, tukaingia katika utumishi wa serikali, na kwa miaka mingi tumefanya kazi za utamaduni huku tukitunga mashairi nyakati za usiku. Mwaka 2009 tuliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya uchoraji ya wanafunzi wa sekondari. Kazi zilikuwa nyingi, siku ilikuwa moja, na gari la kuturudisha lilikuwa likisubiri. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amewasilisha hadithi ya picha ya kurasa sita. Mstari wake ulikuwa na uhai, na mara moja tulimkumbuka fundi na ncha ya mkasi wake. Tukafunua ukurasa wa mwisho. Pale tukamwona Fisi akigawa nyama kwa watoto wa Sungura, yeye mwenyewe asile. Tukaandika kwa wino mwekundu: “Haifuati mila. Fisi hana tabia hii.” Kazi ikawekwa kando.

Baada ya matokeo kusomwa, kijana yule alitufuata nje. Aliamkia kwa adabu, “Shikamoo mzee,” kisha akasema, “Mzee, sababu iko ukurasa wa tatu.” Tulimwambia kwamba waamuzi wamekwisha kuamua. Akaitikia, “Sawa, mzee,” akakunja karatasi zake, akaondoka.

Ndani ya gari, maneno yale yalianza kutuchoma. Ukurasa wa tatu hatukuwa tumeusoma. Kwa siku kadhaa tulisikia sauti ya bibi: tuambie alikula wapi. Kijana alikuwa amesema alikula wapi, lakini sisi hatukutaka kusikiliza. Tulikuwa tumeutetea uaminifu wa mhusika kwa macho ya mtu aliyetazama tu pua. Tulikuwa pia tumelitumia neno “mila” kama rungu la kufungia mlango, ilhali mila yenyewe, kwa kinywa cha bibi yetu, ilikuwa imeuacha mlango huo wazi na kuweka swali kizingitini.

Mwaka uliofuata tulitafuta jina lake katika orodha ya washiriki, halikuwamo. Mwaka wa tatu tulikwenda Buhemba kwa msiba, tukamkuta miongoni mwa wachimbaji wadogo, akihesabu mifuko ya mawe. Alitutambua kabla hatujamtambua. Tulimwomba radhi, tukamwuliza kama tungeweza kuiona ile kazi. Alicheka kidogo, akatoa mfukoni daftari lililoshonwa kwa uzi. Lilikuwa limetengenezwa kwa karatasi zilezile. Upande wa nyuma mlikuwa na hesabu za mifuko, na upande wa mbele Fisi. Ukurasa wa tatu ulikuwapo bado. Ulionyesha mwaka wa ukame, Fisi amevunjika mguu, na mama Sungura akimletea maji kila jioni kwa jani, mpaka jioni moja asije tena. Tulisoma tumesimama. Halafu tukamrudishia daftari lake, kwa kuwa alihitaji hesabu.

Alisema, “Yamekwisha kupita, mzee.” Hatukumwamini, wala hatudhani kwamba alitaka tumwamini.

Tangu siku ile, kila tunapoitwa kuwa mwamuzi tunaweka sharti moja: hadithi isomwe kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya waamuzi wote, kabla ya mtu kushika kalamu. Ni sheria ya baraza la fundi cherehani. Humaliza muda, na gari husubiri. Kwa kujikumbusha tulitunga ubeti huu, tukaubandika ukutani ofisini:

Sura huchorwa kwa wino, mkono ukaitenda,
Tabia ni mapatano, wasomaji wameunda,
Hubadilika kwa neno, si kwa mchoraji kwenda,
Tusihukumu mfano, kabla mizani kupanda.

Kwenu walimu tuna ombi. Mkiwakuta wanafunzi wanabishana juu ya katuni, msiwanyang'anye kabla ya kuwasikiliza. Huenda wanalizungumza somo lenu. Anayesema “huyu si yeye” anazungumzia uaminifu wa mhusika, na anayesema “mchoraji huyu hajui mikono” anazungumzia fani. Waongezeeni maswali matatu. Kwanza, ni kitu gani kilichobadilika: mkono wa mchoraji, au moyo wa mhusika? Pili, kama ni moyo, je, hadithi imetuonyesha sababu? Tatu, kama sababu ipo, je, inatosha? Kwa maswali hayo mwanafunzi atajua tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara bila kukariri, na atajua pia kwamba kubadilika si kosa, bali kosa ni kubadilika bila sababu.

Nanyi wanafunzi, bishaneni. Wanyimeni wasanii usingizi, kama wanywaji wanavyomnyima mgema. Lakini kabla ya kusema kwamba tembo limetiwa maji, linyweni mpaka chini ya kibuyu.